Nilimeza vidonge vya nywele, vipimo vikanidanganya

NIANZE kwa kukiri kosa, msomaji wangu, maana wahenga walisema mficha uchi hazai. Na mimi nimeshazaa, kwa hiyo sina cha kuficha.

Miezi mitatu baada ya kujifungua mtoto wangu wa kwanza, nywele zilianza kunitoka. Sisemi zile mbili tatu zinazobaki kwenye kitana kila siku. Nasema zilitoka kwa mafungu. Nilipokwenda kusuka, msusi alinyamaza kimya, na msusi wa mjini akinyamaza ujue kuna kasheshe. Mwisho akaninong'oneza, "Dada, hapa mbele panaanza kuwa uwanja wa ndege." Pale nilicheka. Nyumbani nikalia.

Mjini hatukosi washauri. Shoga yangu mmoja akanitumia picha kwenye simu: kopo jeupe limeandikwa biotini, maikrogramu 10,000, na pembeni yake dada mwenye nywele zinazogusa kiuno. Bei sh. 45,000. Nikalipa bila kuomba hata punguzo, mimi niliyezoea kugombana na muuza nyanya kwa ajili ya sh. 200. Kila asubuhi kidonge kimoja na chai. Nikakaa kusubiri kiuno changu kiguswe.

Nywele hazikuja. Kilichokuja ni mapigo ya moyo. Nikipanda ngazi moyo unakwenda mbio kama nimekimbizwa na mbwa. Mwili umechoka, kichwa kinazunguka, na mtoto anataka kunyonya. Nikaenda hospitali moja ya binafsi hapa Dar, jina tuliweke kapuni. Daktari akaniuliza, "Unatumia dawa yoyote?" Nikajibu, "Hapana." Na hapo, msomaji, ndipo nilipojichongea. Kichwani mwangu vile vidonge havikuwa dawa. Vilikuwa urembo, kama mafuta ya mgando.

Wakachukua damu. Majibu yalipotoka nikaambiwa tezi ya shingoni, ile madaktari wanayoiita thairodi, inafanya kazi kupita kiasi. Ndiyo maana moyo unakimbia. Nikaandikiwa dawa za kuituliza, tena mimi ninayenyonyesha.

Nilitoka pale miguu ikitetemeka. Bahati nzuri mama akasema tusimeze kitu mpaka tusikie mtu wa pili. Daktari wa pili alikuwa mama wa makamo, mpole. Alisoma karatasi, akanipapasa shingo, akanitazama macho, kisha akauliza swali lile lile kwa namna nyingine: "Mwanangu, kila siku asubuhi unaweka nini mdomoni? Hata kama ni majani ya mti, niambie." Nikamtajia chai, mkate, na kidonge cha nywele.

Akaweka kalamu chini. "Kiache leo. Rudi baada ya wiki."

Nilirudi. Vipimo vikarudiwa. Tezi yangu ilikuwa salama kabisa, haijawahi kuumwa hata siku moja. Ugonjwa wangu ulikuwa damu, ilikuwa imepungua tangu siku ya kujifungua. Nikapewa vidonge vya madini ya chuma na kuambiwa nile vizuri. Na nywele? Daktari akatabasamu. Akasema wanawake wengi hupukutika nywele miezi michache baada ya kuzaa, na nyingi hurudi zenyewe kabla mtoto hajafikisha mwaka.

Sh. 45,000 zangu zimekwenda, na karibu nitibiwe ugonjwa ambao sina. Nikaona hapana, lazima nijue hiki kitu ni nini.

MASASI: MAYAI MAWILI KWENYE GLASI

Mwezi wa kumi mama akaniambia twende Newala kwa bibi, mtoto hajaonwa na ukoo wake. Tukaondoka Mbagala alfajiri, mimi, mama, mtoto na mdogo wangu wa kiume ambaye siku hizi ananyanyua vyuma ile mbaya. Tukavuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003. Mama akasimulia jinsi zamani safari ya kusini ilivyokuwa adhabu, mvua ikinyesha watu wanalala njiani. Jioni tukafika Masasi, mji uliozungukwa na milima ya mawe kama vipara vya wazee wamekaa kikao. Kwa hali yangu ya nywele, niliitazama kwa huruma.

Asubuhi kwenye chai, mdogo wangu akaagiza mayai mawili mabichi. Akayapasua kwenye glasi, akakoroga, akayashusha kwa mkupuo mmoja. Nikamuuliza anafanya hivyo mara ngapi. "Kila siku, sista. Jimu wote tunafanya hivyo. Ndiyo nguvu za kiume."

Basi nikamwambia nilichokuwa nimesoma, na wewe msomaji sikia hapo hapo.

Mwaka 1927 huko London, mtafiti mwanamke aitwaye Margaret Boas aliwalisha panya ute mbichi wa yai. Wale panya wakaharibika ngozi, manyoya yakapukutika. Alipowapa vyakula fulani, ini likiwemo, walipona. Kwa hiyo ndani ya vyakula hivyo kulikuwa na kitu kinachopambana na ubaya wa ute. Mtafiti mwingine, Paul György, akakiita kile kitu vitamini H, kutokana na neno la Kijerumani Haut, maana yake ngozi. Mwaka 1936 Kögl na Tönnis kule Uholanzi walichukua kilo 250 za kiini cha yai kilichokaushwa, wakahangaika nazo mpaka wakapata kama miligramu moja tu ya kile kitu kikiwa safi. Wakakiita biotini.

Angalia maajabu ya Mungu. Kwenye yai moja, kiini kinabeba biotini, na ute unabeba mlinzi wake, protini iitwayo avidini. Avidini ikiikamata biotini haiachii. Tumbo lako halina ubavu wa kuzitenganisha, zote zinatoka nje kama zilivyoingia. Ila avidini ina adui mmoja: moto. Yai likiiva, mlinzi anakufa na biotini inabaki yako.

Mwaka 1942 huko Marekani, Sydenstricker na wenzake walijaribu jambo hili kwa binadamu waliojitolea. Waliwalisha ute mbichi mwingi kwa wiki kadhaa. Watu wale wakapata magamba kwenye ngozi, wakapauka, misuli ikauma, wakawa wanyonge na wenye huzuni. Walipochomwa sindano za biotini, hali ikageuka ndani ya siku chache.

Mdogo wangu akaitazama glasi. Nikamtuliza: mayai mawili hayatampukutisha nywele, wale wa Marekani walikula ute wa kupindukia. Lakini nguvu anayoitafuta anaipata vizuri zaidi kwenye yai lililoiva, tena bila hatari ya vijidudu vya kuharisha. Asubuhi iliyofuata aliagiza ya kuchemsha. Alijidai hakumbuki tulichozungumza.

NEWALA: CHUNGU CHA BIBI

Kutoka Masasi unapanda. Masasi iko chini, Newala iko juu kwenye uwanda wa Wamakonde, kwenye ukingo kabisa. Ukisimama pale panapoitwa Shimo la Mungu unaona ardhi imekatika mbele yako, na mbali kule chini bonde la Ruvuma, ng'ambo yake Msumbiji. Hewa ni ya baridi, udongo ni mchanga, na maji siku zote yamekuwa ya taabu. Lakini mikorosho usipime.

Bibi alimpokea kilembwe chake kwa vigelegele. Nikampigia magoti, "Shikamoo bibi." "Marahaba mjukuu wangu. Mbona umekonda, na nywele umezipeleka wapi?" Bibi zetu hawana longolongo.

Jioni akapakua. Ugali wa muhogo, kisamvu kilichoungwa kwa karanga, mbaazi pembeni. Kesho yake chai ilikuja na viazi vitamu vya kuchemsha na korosho za kukaanga. Nikawa nakula huku napiga hesabu kichwani.

Wataalamu wa Marekani walipokaa mwaka 1998 kupanga kiasi kinachomtosha mtu mzima kwa siku, walisema maikrogramu 30 za biotini. Mama anayenyonyesha 35. Basi. Sasa yai moja lililoiva lina kama 10. Kipande cha ini la ng'ombe cha gramu 85 kina kama 31, yaani umemaliza siku nzima kwa kipande kimoja. Nusu kikombe cha kiazi kitamu kina mbili na ushei. Karanga ni miongoni mwa vyakula vyenye biotini nyingi, konzi moja tu inakusogeza mbali. Samaki nao wamo.

Karanga hizo zina historia yake upande huu. Mwaka 1947 Waingereza walikuja na mpango mkubwa wa kulima karanga Tanganyika wapate mafuta ya kupikia kwao, na Nachingwea, jirani na Masasi, ilikuwa moja ya sehemu walizochagua. Matrekta yakaja, bandari ya Mtwara ikajengwa, reli ikawekwa. Mwaka 1951 wakaufuta, umewashinda. Bibi zetu waliendelea na jembe la mkono na karanga zao kwenye kisamvu.

Kidonge changu kilikuwa na maikrogramu 10,000. Gawanya kwa 30 mwenyewe. Nilikuwa nameza kila asubuhi biotini ya zaidi ya siku 330. Karibu mwaka mzima kwenye chai moja!

Unajiuliza inakwenda wapi? Biotini ni vitamini inayoyeyuka kwenye maji, ya ziada unaikojoa. Kazi yake halisi mwilini ni kusaidia vimeng'enya vitano vinavyotengeneza mafuta ya mwili, vinavyotengeneza sukari pale usipokula, na vinavyovunja vipande vya protini. Ni kazi kubwa, lakini inahitaji kiasi kidogo sana. Ni kama chumvi kwenye mboga. Mboga isiyo na chumvi hailiki, lakini kumwaga kilo nzima hakuifanyi iwe tamu zaidi.

Na wakati biotini ya ziada bado inazunguka kwenye damu, ndipo inapoleta soo maabara. Mashine nyingi za vipimo vya homoni hutumia biotini kama gundi ya kunasia kile kinachopimwa. Wanaiunganisha na protini ambayo ni ndugu wa ile avidini ya kwenye ute, kwa sababu zikishikana haziachiani. Damu yako ikija imejaa biotini ya kopo, inakalia viti vyote. Mashine inachanganyikiwa. Vipimo vingine vinasoma juu, vingine vinasoma chini. Kwa tezi ya shingoni, inaweza kutoa picha ile ile ya mtu ambaye tezi yake imepitiliza. Ndiyo yaliyonikuta mimi.

Na mimi nilipona kwa chee. Novemba 2017 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwa madaktari na wananchi. Kuna kipimo cha damu kinachoonyesha kama moyo umepata shambulio. Biotini nyingi inaweza kukishusha kionekane hakuna tatizo. FDA walieleza kwamba mgonjwa mmoja aliyekuwa anatumia biotini nyingi alifariki baada ya kipimo hicho kusoma chini isivyo kweli. Kidonge cha urembo, msomaji.

YAI LA MWIKO

Sasa nifike pale palipoutikisa moyo wangu kweli.

Nyumbani kwa bibi kuna binamu yangu, msichana wa miaka 20, ana ujauzito wa miezi saba. Siku ya tatu nilitoa fedha, nikanunua mayai ya kienyeji kwa jirani, nikachemsha, nikaweka mezani. Kila mtu akachukua. Binamu akarudisha mkono.

"Mimi siruhusiwi, dada. Mtoto atazaliwa hana nywele."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Hapa nimekaa mimi, nimetumia sh. 45,000 kununua kwenye kopo vitamini ambayo ikipungua kweli mwilini nywele hutoka. Na pale amekaa mdogo wangu, anakatazwa chakula chenye vitamini ile ile, kwa kuogopa nywele. Mmoja amezidishiwa, mwingine amenyimwa, na wote tumedanganywa kwa jina la nywele.

Mwiko huu si wa Newala peke yake. Utausikia sehemu nyingi za nchi yetu, hata uswahilini Dar. Na mjamzito ndiye mtu ambaye mwili wake unaitumia biotini haraka zaidi. Watafiti wa Marekani wamegundua kuwa wajawazito wengi biotini yao hupungua kidogo, hata wale wanaokula kawaida. Tena yai halina biotini tu. Lina protini safi, na mtoto anajengwa kwa protini.

Sikutaka kubishana na bibi mbele za watu. Kwetu mtoto hasahihishi mkubwa mezani. Nikangoja usiku, tumekaa nje, mtoto amelala mapajani mwake. Nikamweleza habari ya vidonge vyangu vyote, na hospitali, na vipimo. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kwa hiyo mlituacha huku tukila bure, mkaenda kununua chakula kwenye kopo." Nikasema ndiyo bibi. Akacheka mpaka mtoto akaamka.

Baadaye nikamuuliza taratibu, "Bibi, na wewe ulipokuwa na mimba ya mama ulikatazwa mayai?" Akakaa kimya kidogo. "Nilikatazwa. Mama yangu alikuwa na kuku sita. Mayai yote yalikwenda sokoni, yanarudi sabuni na chumvi. Ungemwachia mjamzito ale kwa uchu wake, nyumba ingekosa sabuni." Akamtazama mtoto. "Labda mwiko wenyewe ulikuwa wa sabuni."

Hayo ni maneno ya bibi yangu, si ya profesa. Lakini nimeyawaza sana.

Wiki ile binamu alikuwa na siku ya kliniki. Bibi akasema na yeye anakwenda. Akamsubiri nesi amalize kazi, akamuuliza ana kwa ana: huyu ale mayai au asile? Nesi akamjibu kwa heshima, "Ale mama, ila yaive vizuri, ute na kiini. Na vidonge vyake vya kuongeza damu asiache." Mjomba aliposikia akaguna. Bibi akamwambia mjukuu ni wake na kuku ni wake. Mazungumzo yakaishia hapo.

KABLA HUJALIPIA KOPO

Nisikike vizuri. Sisemi biotini ni uongo. Wapo wanaoihitaji kweli kwa maelekezo ya daktari: watoto wachache sana wanaozaliwa na hitilafu ya kuitumia biotini, watu wanaomeza baadhi ya dawa za kifafa kwa miaka mingi, na walevi wa kupindukia. Dalili za kupungukiwa kweli ni nywele kutoka pamoja na vipele vyekundu vyenye magamba kuzunguka macho, pua na mdomo. Kwa mtu mwenye afya anayekula vizuri, hakuna ushahidi wa maana kwamba kopo litamrefushia nywele. Nywele hutoka kwa mambo mengi: uzazi, homa kali, damu kupungua, mawazo, na misuko ya kukaza mpaka nyusi zinapanda juu. Hiyo ya mwisho hakuna vitamini inayoitibu, fumua tu.

Kama tayari unameza, jambo moja nakuomba. Siku ukienda kupimwa damu, mwambie daktari, hata kama hajakuuliza. Taja na kiasi kilichoandikwa kwenye kopo. Madaktari wengi watakutaka uache angalau siku mbili kabla ya vipimo, na ukiwa unameza dozi kubwa kama yangu, zaidi ya hapo. Ila kama ni maumivu ya kifua usingoje siku yoyote, kimbia hospitali na useme unameza biotini.

Na wewe mjamzito, usichanganye mambo. Vidonge vya kliniki vya kuongeza damu si hivi ninavyovilalamikia mimi. Vile meza.

Nywele zangu? Zinarudi. Zipo fupi fupi pale mbele, zimesimama kama zimeshtuka. Msusi wangu ameanza kuongea tena, sasa hanyamazi hata kidogo. Lile kopo bado lipo kabatini, limebaki nusu, nimeliacha liwe ukumbusho.

Mwezi wa kumi na mbili simu ikaja kutoka Newala. Binamu amejifungua salama, mtoto wa kike, mama na mtoto wazima. Bibi mwenyewe ndiye aliyeshika simu. Nikamuuliza, "Bibi, na nywele je?"

"Anazo chache," akasema. "Kama za baba yake. Yule naye hakuwa nazo, na mama yake hajawahi kula yai."

Tukutane wiki ijayo.